Mikono Iliyouponya Mkadi

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii inanuka. Nasema mapema, asije mtu akanilaumu katikati kwamba chakula chake kimemgeuka tumboni. Mwenye kuziba pua na azibe, lakini masikio ayaache wazi, kwa sababu mwisho nitauliza swali, na jibu lake mimi sinalo.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha Pemba, na kila mmoja Mwenyezi Mungu alimjaalia chake.

Faki alijaaliwa pua. Alikuwa mpishi wa pilau la shughuli, na akipita karibu na sufuria lililofunikwa alijua kwamba nyama ya chini imeanza kuharibika kabla nzi hawajajua. Watu walimtania kuwa akikaa safu ya kwanza msikitini, anamtambua mtu wa safu ya nne ambaye hakufua kanzu yake.

Kazija alijaaliwa tumbo lisilochafuka. Alikuwa akipara samaki dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki wao. Matumbo ya papa yaliyolala siku mbili aliyachota kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akala muhogo.

Makame alijaaliwa macho, na vidole visivyokuwa na haraka. Alikuwa mkwezi wa minazi. Akisimama chini, kichwa juu, aliweza kukuambia mnazi upi umeingiwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mti mpaka ukafa umesimama.

Na alikuwepo wa nne, ambaye katika hayo hakupewa hata moja. Huyo ni Bi Mwantumu. Yeye alikuwa na kinyaa. Kikombe alikisuuza mara tatu kabla ya kunywa. Nzi akitua kwenye mkate, mkate ule alipewa kuku. Alipomwona mtoto wa jirani akipenga kamasi, siku ile hakula mchuzi. Mumewe, Mzee Ngwali, alikuwa akimcheka: "Mwantumu, wewe peponi utauliza kwanza nani amefagia."

Mzee Ngwali alikuwa na bustani nyuma ya nyumba. Palikuwa na asumini, milangilangi, mirehani, mawaridi na mikilua, na nyuma ya jiko ulisimama mkadi mmoja mkubwa, wenye majani marefu ya miiba na mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu ya mtu aliyejitanua. Maua yake hakuyauza. Mwenye bibi harusi alikuja akapewa asumini. Mwenye maiti alikuja akapewa waridi na mrehani. Ua la mkadi, ambalo hutoka kwa nadra na harufu yake hukaa katika sanduku la nguo miezi mingi, alimpa mkewe peke yake.

Miaka thelathini na mmoja mzee yule aliingia ndani kila jioni akiwa ameoga, ananukia sabuni, na kikuba cha maua mkononi. Bi Mwantumu alikichukua, akakinusa, akakibana kifuani. Hakuwahi kuuliza maua yale yanakula nini.

Kisha mzee akaugua. Alipoona safari imekaribia alimwita mkewe.

"Mwantumu, bustani nimeiweka wakfu. Mbarouk ndugu yangu, mrithi mwenzako, amekubali mbele ya sheikh, ila ametoa sharti. Ipate msimamizi kabla ya hitma yangu ya mwaka. Ikikosa, ataichukua afuge kuku."

"Kuku? Chini ya dirisha langu?"

"Kuku mia tatu. Ameshaniambia."

"Basi nani nimpe?"

"Atakayeufanya mkadi utoe ua; huyo ataishika na kula kwayo. Mti ule hautoi ua kwa mtu mvivu. Lakini awe mmoja, Mwantumu. Wakiwa wawili watagombania jembe, na mimea itakauka huku wanagombana. Nakuachia amana."

"Nimeipokea," alisema Bi Mwantumu, na alikuwa mtu wa kuogopa amana.

Mzee akafa siku ya Alhamisi, akazikwa siku ile ile baada ya alasiri. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye aturehemu sisi tuliobaki.

Matanga yalikaa siku tatu. Kijiji kizima kilikuja, na watu wakija lazima wale. Nyuma ya jiko pana kivuli, na kivuli kile ni cha mkadi, basi hapo ndipo yalipooshewa masufuria. Maji ya moto yenye mafuta ya ng'ombe, chumvi, majivu ya kusugulia, makombo ya wali, yote yalimwagwa shinani, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kwenye msiba, nani anaangalia mti?

Bi Mwantumu akakaa eda. Mwezi wa kwanza ulipita katika machozi na tasbihi. Mwezi wa pili akaanza kusikia harufu. Ilipanda dirishani kila jua lilipowaka, harufu ya kitu kilichokufa na hakikuzikwa. Akadhani ni mtaro wa jiko. Akamwaga dawa, akafukiza udi, akaziba dirisha kwa gunia. Harufu ikapenya. Alikuwa akisujudu nayo na kuinuka nayo, na mara nyingine alisahau ni rakaa ya ngapi kwa sababu ya kichefuchefu.

Sasa sikilizeni walivyokuja wale watatu.

Faki alikuja wa kwanza, mwezi wa tatu. Alikuja kufuata pawa lake lililosahaulika tangu matanga. Akasimama nyuma ya jiko, akainua pua, akabadilika uso.

"Bi Mwantumu!" aliita kwa nje. "Huu si mtaro."

"Ni nini basi?" aliuliza Bi Mwantumu nyuma ya mlango.

"Mkadi wako unaoza ukiwa hai."

Akapiga magoti akafukua. Shina lilikuwa limelainika kama papai lililolala juani. Alipotia kisu, yalitoka maji ya rangi ya chai, yenye povu, na uvundo ulioufanya ukuta mzima ujae nzi. Kisu hakikutosha. Akakiweka kando, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akawa anachota nyama ya mti iliyooza na kuitupa ndooni, konzi kwa konzi. Bi Mwantumu alichungulia mara moja tu kupitia tundu la gunia. Akakimbilia beseni.

Faki akanusa vidole vyake. Nanyi msione ajabu, ndivyo alivyoumbwa. Alinusa tena, kisha akasema polepole:

"Samli hii naijua. Iliki hii naijua. Haya ni maji ya masufuria yangu. Mimi ndiye niliyewaambia wamwage hapa, kwa sababu ya kivuli."

Siku kumi na moja mfululizo alirudi. Alikata mpaka akafika penye ubao mweupe, akaondoa udongo wote uliolowa mafuta, akauleta mwingine kutoka bondeni kwa mapakacha, akaivuta ile mizizi ya juu akaifukia katika udongo mpya ili mti upate miguu mingine ya kusimamia. Nyumbani kwake mkewe alimlaza barazani. Na shughuli mbili za pilau zilimpita, maana watu walisema mikono ya Faki inanuka mzoga. Bila ya Faki, mkadi ungeanguka kabla eda haijaisha.

Mti ukasimama. Lakini ulisimama kama mgonjwa aliyetoka hospitali, majani manne tu, ya manjano.

Kazija alikuja wa pili, eda ilipokuwa imekwisha. Hakubisha hodi. Bi Mwantumu alisikia kitu kinakorogwa chini ya dirisha, akaondoa gunia, akakiona: pipa la bati, na ndani yake matumbo ya samaki, mavi ya mbuzi, majani yaliyooza na maji, vyote vikitokota kama uji. Kazija alikuwa anakoroga kwa mti mrefu, na juu ya uso wa pipa palikuwa na ukoko wa kijivu unaotembea. Ulitembea kwa sababu ulikuwa funza.

"Astaghfirullah! Kazija! Unafanya nini?"

"Naupikia mgonjwa wako, Bi."

"Chini ya dirisha langu? Pemba yote hukuona mahali pa kuweka hilo pipa?"

"Mimi sikuliweka. Ndipo lilipokuwa."

"Lilipokuwa vipi?"

Kazija akaacha kukoroga. "Hili ni pipa la Mzee Ngwali. Akishakoroga alilifunika makuti na majivu usije ukanusa, na limebaki hivyo tangu afe. Mimi nilikuwa nikimletea matumbo kila Jumatatu, miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha vipimo. Bi, kweli hukujua?"

Bi Mwantumu alirudisha gunia dirishani, akakaa kitandani. Akaikumbuka ile sabuni ya kila jioni. Akakumbuka kikuba, na ile mikono iliyokifunga. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amevaa kifuani kitu kilichonyonyeshwa na pipa lile. Hakuweza kujua kinyaa kile ni cha pipa au cha nafsi yake.

Miezi sita Kazija alikoroga na kumwagilia, kata mbili asubuhi, kata mbili jioni. Akaongeza na lundo la samadi kando ya mti, liwe linachemka taratibu. Kila adhana ilimkuta na najisi mwilini, na kila adhana alioga, akabadili nguo, akaswali, akarudi kwenye pipa. Arusini walimkalisha karibu na mlango. Siku moja mwanamke mmoja alihama mkeka kwa makusudi, na Kazija akamwambia, "Shoga, kaa tu, mimi sinusi marashi yako, nawe usininuse." Hata habari za wasia hakuwa nazo. Alipoulizwa kwa nini anajitesa, alisema, "Mti una njaa." Basi. Bila ya Kazija, mkadi ungebaki kisiki chenye majani manne.

Mti ukanenepa. Majani yakarefuka, yakawa ya kijani iliyokolea, na mwezi wa kumi katikati ya kilele ukaonekana mkuki mweupe. Ua lilikuwa linakuja.

Hapo ndipo alipokuja Makame, wa mwisho. Yeye alibisha hodi, akaketi barazani, akasema bila kuzunguka:

"Bi Mwantumu, nimesikia kuna wasia. Mgongo wangu hauwezi minazi tena. Bustani hii naitaka."

"Umechelewa. Wenzako wana miezi."

"Wenzangu hawajaangalia juu. Njoo nikuoneshe."

Akamwonesha matundu kwenye shingo ya mti, na kutoka kila tundu unga mbichi wa mti uliotafunwa. Chonga walikuwa wameingia. Mmoja tu akifika kwenye mkuki ule, ua litatoka limeoza.

Makame alichukua waya, akaukunja ncha kama ndoana. Akaingiza kichwa chake chote katikati ya majani yale ya miiba, akawa anachokoa tundu baada ya tundu. Chonga alitoka akipiga mbawa, tumbo linavuja maji meupe. Kisha Makame akafuata walikozaliwa. Akakaa chini mbele ya lile lundo la samadi, akalipekua kwa vidole, punje kwa punje, akiwatoa mabuu, weupe, wanono kama kidole gumba, wamejikunja, kichwa chekundu. Aliwatia koponi. Wengine walipasuka mkononi. Akajifuta kwenye shuka aliyojifunga kiunoni, akaendelea. Wiki saba alifanya hivyo, uso umechanwa na miiba, jicho moja limevimba.

"Wachome huko mbali!" Bi Mwantumu alimpigia kelele.

"Kwanza nawahesabu, Bi. Usije ukasema Makame hakufanya kitu."

Bila ya Makame, mkuki ule mweupe ungeliwa ndani ya siku tatu.

Ua lilipasuka Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya hitma ya mwaka. Bi Mwantumu alikuwa bado kwenye mswala wa alfajiri. Gunia lilikuwa dirishani, lakini harufu ile haizuiwi na gunia. Alitoka bila viatu. Alipitia kando ya pipa, akapitia kando ya samadi, akasimama chini ya mkadi wa mumewe, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Hakuachwa alie. Habari za ua zilikuwa zimefika kijijini, na wote watatu walikuwa wameshaingia uani. Hata Kazija sasa alikuwa ameambiwa kuna wasia, na mtu akishaambiwa hawi tena yule wa jana.

"Ua ni langu," alisema Faki. "Mimi ndiye niliyeingiza mkono kwenye mzoga."

"Wa nani mzoga?" Kazija alimrukia. "Wewe umeuua kwa mafuta yako, kisha ukaufufua. Tukushukuru kwa lipi? Kwa kumbukumbu nzuri?"

"Na hao chonga walizaliwa wapi, mama?" Faki alimrudishia. " Si kwenye samadi yako? Umemlisha mgonjwa na umemlisha mchawi wake!"

"Mwambie," alisema Makame.

"Wewe ndiyo unyamaze kabisa!" walisema wote wawili kwa pamoja.

"Miezi tisa hukuonekana," Kazija aliongeza. "Umekuja uliposikia sahani zinagongana."

"Nimekuja kwa ajili ya tonge, sikatai," alijibu Makame. "Lakini nisingekuja, leo mngekuwa mnagombea kisiki. Bi Mwantumu, mimi sina maneno mengi. Ushahidi wangu huu hapa."

Akaligeuza kopo barazani. Mabuu mia nne na kumi na wawili, wengine hai, wengine wamekwisha kugeuka weusi, walimwagika juu ya saruji aliyoipiga deki Bi Mwantumu mwenyewe usiku uliopita, mahali alipokuwa akikaa Mzee Ngwali kusoma Kurani. Faki naye akanyoosha mikono yake, kucha zimekufa, zimeingia weusi usiotoka. Kazija akavua ushungi akasema, "Njoo uninuse nywele! Nimeoga mara tano kwa siku na haitoki. Njoo unuse!"

Na Bi Mwantumu, ambaye hakuwahi kutapika mbele ya mtu, alitapika mbele yao watatu.

Alipoinuka alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Mume wangu hajatimiza mwaka," alisema. "Mwaka haujatimia. Na nyinyi mnanimwagia uchafu barazani kwake ili nijue nani mchafu zaidi."

Mlango wa uani ulikuwa wazi, na shemeji yake Mbarouk alikuwa amesimama hapo na kamba ya kupimia. Alinusa kushoto, akanusa kulia.

"Shemeji, usijisumbue," alisema. "Hapa hata kuku watajiona wamefika kwao."

Ijumaa hitma ilisomwa. Wanaume walikaa uani, wanawake ndani nyuma ya pazia. Dua ilipokwisha, sheikh alisafisha koo.

"Bi Mwantumu. Mwenye kutoa ua amepatikana?"

Nyuma ya pazia Bi Mwantumu aliwapima watatu wale mmoja mmoja. Aliwaza juu ya Faki, ambaye alianza yote kwa kosa lake, na ambaye bila ya yeye mti usingekuwapo. Alilipa alichoharibu, na mlipaji je, anastahili zawadi juu ya malipo? Aliwaza juu ya Kazija, aliyefanya bila kujua kuna malipo, ambaye alishika kazi ya mumewe vilevile kama mumewe alivyoishika, na ambaye lundo lake ndilo lililozaa maadui. Aliwaza juu ya Makame, aliyekuja kwa tamaa na akaisema tamaa yake wazi, ambaye hakuharibu hata jani moja, na ambaye alikuja wakati tonge limekaribia kuiva. Alijaribu kumchukia mmoja wao zaidi ili kazi iwe nyepesi. Hakuweza. Wote walimtia kinyaa sawa, na wote walikuwa wameshika kwa mikono yao kitu ambacho yeye, mjane, hakuweza hata kukitazama kupitia tundu la gunia.

Kugawa hawezi, kwa sababu alisema marehemu awe mmoja. Kunyamaza hawezi, kwa sababu Mbarouk amekaa uani na kamba iko mapajani mwake.

Sheikh akauliza mara ya pili.

Mimi nilipohadithiwa, mhadithiaji alinyamaza hapa, nami hapa nanyamaza. Msiniambie kwamba wote wamestahili; hilo Bi Mwantumu alilijua kabla yenu. Msiniambie mkajifikirie, sheikh anafungua kinywa kuuliza mara ya tatu, na ya tatu ndiyo ya mwisho. Ungekuwa wewe umekaa nyuma ya pazia lile, na amana ya marehemu shingoni mwako, ungeamua vipi? Ungetamka jina la nani?